Levi Woodbury, Waziri wa Manowari wa Marekani
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kila mwanafunzi wa Historia katika shule yetu anaujua mwaka 1833. Tunaukariri pamoja na miaka mingine: mwaka huo Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na wa mwambao wetu wa Afrika Mashariki, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, ukatiwa sahihi mjini Maskati. Jina la Seyyid Said tunalijua sote. Waliosoma zaidi kidogo wanalijua pia jina la Edmund Roberts, Mmarekani aliyekuja na karatasi zile. Lakini Roberts alikuwa mjumbe tu. Mjumbe hutumwa na mtu, na aliyemtuma hatajwi katika daftari zetu hata mara moja. Basi nilipopewa kazi ya kuandika habari za mtu mmoja wa ng'ambo kwa ajili ya gazeti hili, nikaona heri nimtafute huyo.

Jina lake ni Levi Woodbury. Habari zake ni nyingi kuliko nilivyodhani, na baadhi yake hazipendezi. Nitazieleza nzuri na mbaya kama zilivyo, na msomaji atajionea mwenyewe.

Woodbury alizaliwa tarehe 22 Desemba 1789 katika kijiji cha Francestown, jimbo la New Hampshire, upande wa kaskazini-mashariki wa Marekani. Mwaka uleule, miezi michache kabla yake, George Washington alikuwa ameapishwa kuwa Rais wa kwanza wa nchi ile, hata yafaa kusema kwamba mtoto huyu na serikali yake walikuwa marika. Alisoma katika chuo cha Dartmouth, akamaliza mwaka 1809 akiwa hajatimiza miaka ishirini. Kisha akaenda Litchfield, katika jimbo la Connecticut, penye shule ya sheria. Siku zile watu wengi waliotaka kuwa wanasheria hawakwenda shule yoyote. Walikaa katika ofisi ya mwanasheria mkubwa, wakinakili barua zake na kusoma vitabu vyake, mpaka wakaonekana wamefaa. Woodbury naye alipitia njia hiyo, lakini kwa ile miezi yake ya Litchfield ndiye aliyekuja kuwa jaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliyewahi kusoma katika shule ya sheria.

Alipanda upesi mno. Mwaka 1812, nchi yake ilipoingia vitani na Uingereza, aliandika maazimio ya kuiunga mkono serikali, na wakubwa wa jimbo wakamwona. Mwaka 1817 alifanywa jaji wa mahakama kubwa ya New Hampshire, umri wake miaka 27. Mwaka 1819 alihamia Portsmouth, mji wa bandari, na mwaka huo akamwoa Elizabeth Clapp, binti wa tajiri mmoja wa Portland mwenye biashara ya baharini. Mwaka 1823 alichaguliwa kuwa gavana wa jimbo. Mwaka uliofuata akashindwa katika uchaguzi. Mwaka 1825 akaingia katika Seneti, lile baraza la wazee wa nchi nzima ambamo kila jimbo, kubwa au dogo, huwakilishwa na watu wawili. Vyeo hivi nimevipita mbio kwa sababu si ndivyo vilivyonivuta kuandika.

Mwezi wa Mei 1831 Rais Andrew Jackson alimfanya kuwa Waziri wa Manowari. (Neno hili "manowari" tulilipata kwa mabaharia wa Kiingereza, ambao merikebu ya vita waliiita mtu wa vita; mababu zetu wakalisikia wakalitia katika lugha, nalo halikurudi kwao tena.) Wakati ule Marekani haikuwa dola kubwa ya bahari kama ilivyokuja kuwa. Merikebu zake za vita zilikuwa chache, na kazi yao kubwa ilikuwa kuzilinda merikebu za biashara, nazo zilikuwa zimekwisha kutapakaa ulimwenguni. Kutoka Boston, Salem na New York zilikwenda Sumatra kununua pilipili manga, Uchina kununua chai, na Unguja kununua pembe, ngozi na sandarusi. Sandarusi ni ile gundi ngumu ya miti inayochimbwa ardhini katika Mrima, na mafundi wa Marekani waliitaka sana kwa kutengenezea vanishi.

Waziri mpya alianza na mambo ya mabaharia wenyewe. Desturi ilikuwa kumpa kila baharia kipimo chake cha pombe kali kila siku, awe anataka au hataki. Mwezi wa Juni 1831 Woodbury aliamuru kwamba yeyote atakayeacha pombe kwa hiari yake apewe senti sita kwa kila kipimo alichokiacha. Sijui wangapi kati yetu wangeuza wali wa Jumapili kwa senti sita, lakini amri hii naipenda, kwa sababu haikumlazimisha mtu, ilimpa njia.

Amri yake ya pili ni kubwa zaidi, nami nawaomba wasomaji waikumbuke mpaka mwisho wa makala hii. Sheria ya Marekani wakati ule iliruhusu baharia apigwe mijeledi mgongoni mbele ya wenzake kwa makosa ya namna nyingi. Waziri hakuwa na uwezo wa kuifuta sheria hiyo. Uwezo huo ulikuwa wa Bunge, na Bunge halikuifuta mpaka mwaka 1850. Lakini Woodbury aliisoma sheria kwa makini, akaona kwamba mahali pengine inamwachia nahodha hiari ya kuchagua: mijeledi au adhabu nyingine. Basi mwezi wa Septemba 1831 akawaandikia makapteni kwamba kila mahali ambapo sheria imewaachia hiari hiyo, watangulize kwanza zile adhabu nyingine, kama vile faini au alama ya aibu. Hakuvunja sheria hata herufi moja. Aliuona mlango ulio wazi ndani ya sheria, akapita humo, na migongo ya watu ikaokoka.

Tena ni katika wakati wake yalipofunguliwa magudi mawili ya kwanza ya mawe katika nchi ile, moja Norfolk na moja Charlestown karibu na Boston, yote mwezi wa Juni 1833. Sisi wa pwani twajua jahazi hupandishwa mchangani maji yakitoka, ikapigwa deheni na kutiwa kalfati maji yasijarejea. Merikebu nzito ya vita haiwezi kufanyiwa hivyo. Kwa hiyo hujengwa shimo kubwa la mawe kando ya bahari, lenye lango; merikebu huingia na maji, lango hufungwa, na maji huvutwa nje kwa pampu mpaka ikabaki juu ya magogo, kavu chini hata juu. Magudi haya yalisanifiwa na mhandisi Loammi Baldwin. Merikebu ya kwanza kuingia lile la Charlestown ilikuwa Constitution, manowari mashuhuri kuliko zote za Marekani, na Woodbury mwenyewe alihudhuria siku ile.

Sasa naja kwenye mambo ya bahari yetu ya Hindi, na hayo yanaanza kwa damu.

Mwezi wa Februari 1831 merikebu moja ya Salem iliyoitwa Friendship ilikuwa ikipakia pilipili manga katika kijiji cha Kuala Batu, pwani ya Sumatra. Wenyeji wakaivamia, wakawaua mabaharia watatu na kupora mali. Habari ilipofika Marekani matajiri wa Salem walipiga kelele. Woodbury alimpeleka Komodoro John Downes na manowari Potomac, na katika maagizo yake alimwambia achunguze kwanza, adai mali irudishwe na wauaji waadhibiwe, ndipo atumie nguvu. Downes alifika Februari 1832 akiwa amepandisha bendera ya Denmark ili asijulikane. Hakudai, wala hakungoja. Alfajiri alishusha watu zaidi ya mia mbili na hamsini, wakapiga ngome, wakauchoma mji. Wenyeji zaidi ya mia moja wakafa, na Wamarekani wawili. Magazeti mengine ya Marekani yalimlaumu sana Downes, na Woodbury alimwandikia kwamba Rais anasikitika kuwa hakupata habari kamili wala kudai haki kwanza. Barua ya masikitiko ni kitu chepesi mbele ya mji uliokwisha kuungua. Hata hivyo huo ni mkono mmoja tu wa Waziri. Mwezi uleule Downes alipochoma Kuala Batu, mkono wa pili ulikuwa ukitayarisha safari ya namna nyingine kabisa.

Edmund Roberts alikuwa mfanyabiashara wa Portsmouth, mji ule aliohamia Woodbury. Alikuwa amefilisika, na ili ajiinue alikodi merikebu iitwayo Mary Ann, akaja Unguja mwaka 1827. Biashara ilimwendea vibaya. Maofisa wa bandari walimwekea masharti na gharama zisizo na kipimo, akakawia miezi mingi bila kupata shehena. Mwanzo wa mwaka 1828 Seyyid Said alifika Unguja, Roberts akaenda kumlalamikia. Seyyid akamsikiliza vizuri, wakazungumza juu ya kuwekeana mkataba ili Wamarekani wajue ushuru wao ni kiasi gani. Roberts aliporejea kwao alimwandikia Woodbury, ambaye alikuwa bado katika Seneti, akimhimiza juu ya jambo hilo. Barua ile ilikaa bila matunda miaka karibu mitatu. Mwandikiwa alipokuwa Waziri wa Manowari, na masaibu ya Friendship yakawafanya watu waangalie bahari ya Hindi, ndipo alipolipeleka jambo kwa Rais Jackson, naye akakubali.

Safari ilifanywa kwa siri, Waingereza wasije wakaizuia. Roberts alipanda manowari Peacock mwezi wa Machi 1832 akiwa ameandikwa kwamba ni karani wa nahodha. Hebu fikirini: balozi wa Rais, mwenye barua kwa wafalme wa Mashariki, anaandikwa karani! Walizunguka Manila, Uchina na Vietnam, ambako hawakufanikiwa. Mwezi wa Machi 1833 wakafanya mkataba na mfalme wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand. Na mwezi wa Septemba wakatia nanga Maskati.

Kwa Seyyid Said mambo yalikuwa mepesi, kwa maana yeye mwenyewe aliyataka. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 21 Septemba 1833. Wamarekani waliruhusiwa kuingia bandari zake zote, kununua na kuuza kwa bei wanayopatana na mwenye mali. Ushuru ulikuwa sehemu tano katika mia ya shehena iliyoshushwa, basi, bila gharama nyingine za bandari. Bunduki na baruti katika kisiwa cha Unguja ziliuzwa kwa serikali peke yake. Marekani ilipewa ruhusa ya kuweka mabalozi wake bandarini. Kulikuwa na sharti moja ambalo Wamarekani waliliandika hivi: mabaharia wao wakivunjikiwa na merikebu katika pwani za Sultani watatunzwa, na Marekani italipa gharama. Seyyid Said alikataa maneno hayo ya mwisho. Alisema gharama ataichukua yeye, kwani kwa Waarabu mgeni aliyepatwa na msiba halipishwi chakula. Wakayafuta. Katika mkataba wote hapo ndipo pananipendeza zaidi, nami naona aibu kidogo kwamba tunakariri mwaka 1833 bila kujua habari hiyo.

Matokeo yake tunayavaa mpaka leo. Balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja mwaka 1837. Waingereza waliona wivu, nao wakafanya mkataba wao wa biashara na Seyyid mwaka 1839. Na katika merikebu za Salem kilikuja kitambaa cha pamba kigumu, kisichopaushwa, ambacho watu walikiita merikani au marekani. Bibi yangu mzaa mama hana habari na Levi Woodbury, lakini akimtuma mtu dukani kununua kitambaa cha foronya husema, "Lete marekani, usiniletee hii laini." Kitambaa hicho kiliipita nguo ya Kihindi sokoni kwa sababu kilidumu. Misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji ilikibeba mabegani kwa majora, kwani bara kilikuwa kama fedha: kwa mikono kadhaa ya marekani mtu alilipa hongo kwa mtemi, alinunua chakula cha wapagazi, alinunua pembe.

Alinunua watu pia. Hili haliwezi kufichwa. Na tukiufuata uzi wa kitambaa kile upande wa pili tunakuta jambo lilelile. Kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, lakini pamba yake ilitoka majimbo ya kusini ya Marekani, nayo ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa Weusi, ambao mababu zao walichukuliwa kutoka bara hili letu. Kwa hiyo jora moja la marekani liliweza kuanza mikononi mwa mtumwa kule Georgia na kuishia kuwa bei ya mtumwa karibu na Ziwa Tanganyika. Mkataba wa 1833 hausemi neno juu ya watumwa. Aliyekuwa upande huu na aliyekuwa upande ule, wote wawili walikuwa na sababu za kunyamaza.

Mwaka 1834 Woodbury aliiacha wizara ya manowari akawa Waziri wa Fedha mpaka mwaka 1841. Alibahatika mwanzo: mwezi wa Januari 1835 deni la taifa la Marekani lilikuwa limekwisha kulipwa lote, jambo ambalo halijatokea tena. Lakini mwezi wa Julai 1836, kwa agizo la Rais, alitoa waraka kwamba wanunuzi wa mashamba ya serikali walipe dhahabu na fedha, si noti za mabenki. Mwaka 1837 mabenki yakafunga milango yao kwa wanaodai dhahabu, kazi zikakosekana, na wengi waliutia lawama waraka ule. Wataalamu wa uchumi hawajaacha kubishana juu yake, nami sina haja ya kujitia katikati yao.

Kuna kisa kimoja cha miaka ile kinachotuhusu. Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu ya Seyyid Said, Sultana, iliingia New York. Nahodha wake alikuwa mjumbe wa Seyyid, Ahmad bin Naaman, na shehena yake tende, kahawa, pembe, karafuu na ngozi. Watu wa New York walijaa bandarini kuwatazama mabaharia, na mchoraji akachora picha ya Ahmad kwa rangi, na kilemba chake. Serikali ikaitengeneza merikebu kwa gharama yake, labda kwa kukumbuka ile habari ya mgeni halipishwi. Lakini zawadi ziliwatia mashakani! Seyyid alimpelekea Rais Van Buren farasi wawili wa Kiarabu pamoja na lulu na vitu vingine vya thamani, na katiba yao inamkataza mkubwa yeyote kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge. Kuzirudisha ni kumtukana Sultani. Kuzichukua ni kuvunja katiba. Bunge likaamua zipokewe kwa jina la nchi, na farasi wakauzwa mnadani. Fedha zikatiwa katika hazina, ambayo mwenye funguo zake alikuwa ni Woodbury yuleyule.

Baada ya hapo alirudi katika Seneti, na mwezi wa Septemba 1845 Rais Polk akamteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Hivyo akawa mmoja wa watu wachache sana waliowahi kushika kazi katika nguzo zote tatu za serikali ile, Bunge, wizara na mahakama. Na huko mahakamani ndiko ilikomkuta kesi ninayotaka kuieleza.

Mwezi wa Aprili 1842 mkulima mmoja wa jimbo la Ohio, John Van Zandt, alikuwa akirudi nyumbani na gari lake la farasi. Ohio hapakuwa na utumwa, lakini ng'ambo ya mto, Kentucky, ulikuwako. Njiani aliwachukua watu Weusi tisa waliokuwa wamekimbia kwa bwana wao, Wharton Jones wa Kentucky. Mbele kidogo walisimamishwa na watu wawili, wakakamatwa. Mmoja aitwaye Andrew akaponyoka, asionekane tena. Jones akamshtaki Van Zandt, akidai pamoja na mengine faini ya dola 500 kwa sababu ya Andrew, kama ilivyoandikwa katika sheria ya watoro ya mwaka 1793.

Van Zandt alitetewa bila malipo na wanasheria wawili, Salmon Chase na William Seward. Walisema mengi juu ya haki ya binadamu, lakini walisema pia jambo moja dogo la kisheria. Ile sheria ilimwadhibu mtu aliyemficha mtoro baada ya kupewa taarifa kwamba ni mtoro. Nani alimpa Van Zandt taarifa? Hakuna. Jones hakumwandikia barua wala hakumtumia mtu. Alikuta watu barabarani, katika nchi isiyo na utumwa, akawapandisha garini.

Hukumu ilitolewa mwaka 1847, na aliyeiandika kwa niaba ya majaji wote alikuwa Woodbury. Alisema taarifa haihitaji kuandikwa wala kutolewa na mwenye mtumwa. Yatosha kwamba mtu alijua. Juu ya utumwa wenyewe alisema kila jimbo linajiamulia, kwamba katiba ilifanya maafikiano juu ya watoro, na kwamba kazi ya jaji ni kuyafuata. Van Zandt akashindwa.

Nilipoyasoma haya mbele ya Chama cha Historia cha shule yetu, tulibishana mpaka kengele ya kulala. Mwenzangu mmoja wa darasa, anayetaka kuwa hakimu, alimtetea Woodbury kwa nguvu. Alisema jaji akianza kuhukumu kwa moyo wake badala ya sheria, leo atamwokoa mnyonge na kesho jaji mwingine atamwangamiza kwa njia hiyohiyo. Alisema tena kwamba sheria ile mbaya ilitungwa na Bunge, na Bunge ndilo la kulaumiwa. Maneno yake yana uzito, na wengi walimpigia makofi.

Mimi nilimjibu kwa ile amri ya mijeledi. Mwaka 1831 Woodbury alikuwa na sheria kali mbele yake, asiyoweza kuifuta. Hakusema, "Nifanyeje, ndivyo ilivyoandikwa." Aliitafuta nafasi ndani ya maneno yake, akaipata, akaitumia kwa ajili ya mabaharia. Mwaka 1847 nafasi ilikuwako tena, katika neno moja la "taarifa". Safari hii hakulazimika hata kuitafuta, maana Chase aliiweka mezani mbele yake. Angaliweza kusema kwamba sheria inayomtoza mtu dola 500 sharti isomwe kwa upande wa mshtakiwa, asingalivunja chochote. Sisemi kwamba hukumu moja ingaliwaacha huru watu wa Kentucky. Nasema kwamba macho yaliyoiona nafasi ya kwanza yaliweza kuiona ya pili. Mwenzangu alisema hiari aliyopewa nahodha si sawa na neno ambalo wakili analivuta upande wake. Hatukupatana, na mlezi wa chama alituambia twende tukalale.

Woodbury hakuishi sana baada ya hapo. Mwaka 1848 jina lake lilitajwa katika mkutano wa chama chake kuwa mgombea wa urais, lakini akachaguliwa Lewis Cass. Wengi walitazamia kwamba mwaka 1852 zamu itakuwa yake. Alikufa Portsmouth tarehe 4 Septemba 1851, umri miaka 61, na urais ukaenda kwa Franklin Pierce, mtu wa jimbo lake, ambaye alipokuwa kijana alikuwa mwanafunzi wa sheria katika ofisi yake. Roberts alikuwa amekwisha kumtangulia zamani. Alikufa kwa maradhi huko Macau mwaka 1836, baada ya kuurudisha mkataba Maskati ukiwa umeidhinishwa.

Wako waliobaki. Salmon Chase, aliyeshindwa mbele ya Woodbury, alifanywa Waziri wa Fedha na Rais Lincoln mwaka 1861, akakalia kiti alichokikalia Woodbury, na mwaka 1864 akawa Jaji Mkuu wa mahakama ileile iliyomshinda. Mabinti wa Woodbury nao waliolewa na watu wa kazi. Mmoja aliolewa na Gustavus Fox, ambaye wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa msaidizi wa Waziri wa Manowari, katika wizara ya mkwewe. Mwingine aliolewa na mwanasheria Montgomery Blair. Mtumwa mmoja aitwaye Dred Scott alipodai uhuru wake katika Mahakama ya Juu, aliyesimama kumtetea alikuwa Blair. Mwaka 1857 majaji walimkatalia Scott. Utumwa ulifutwa katika katiba ya Marekani mwezi wa Desemba 1865, miaka kumi na minane baada ya hukumu ya Van Zandt. Van Zandt mwenyewe hakuyaona hayo. Alikufa mwaka uleule wa hukumu yake.